Mwiko, Mashine na Mawifi Wanne

Jumatatu, 3 Machi

Nimemaliza shule. Kazi yangu sasa ni kuulizwa nitafanya nini. Mama ananiuliza asubuhi akifunga kamba za viatu. Mwenye duka ananiuliza akinifungia mkate. Leo hata msoma mita ya maji kaniuliza — mtu anayetujua kwa lita tu! Sijibu. Natabasamu kama mtu mwenye jino bovu, halafu naingia ndani.

Bibi ananiita Redio. Anasema nilinunuliwa bila betri.

Leo nimepata jibu, na bila shaka hakuna aliyeuliza tena. Nitatengeneza mashine ya kupikia pombe. Ya umeme. Inapasha maji yenyewe, inapima joto yenyewe, inazungusha yenyewe, na mtu anakaa pembeni na kikombe chake kama bosi.

Sababu ni Mjomba. Bibi, mama yake Mama, amepika bia ya kimea kwenye kibanda cha nyuma tangu Mama hajazaliwa. Kibali chake kiko ukutani ndani ya fremu, juu ya picha ya marehemu Babu. (Anasema kibali hakijawahi kumkoromea.) Lakini mwaka huu pombe imeanza kumkataa. Nzito, ya ukungu, haina povu. Wateja wanakuja, wanaonja, wanakumbuka kwamba wameacha kitu jikoni. Jana Mjomba alionja, akatulia, halafu akatafuna. Bia haitafunwi! Akasema kwa sauti yake ya ofisini kwamba mama yake sasa amechoka, apumzike, chumba kipo kwake ghorofani, vigae vyeupe, lifti. Mwisho wa mwezi atakuja na gari kuchukua vitu.

 Alipoondoka ndipo Bibi akasema kwamba mke wa Mjomba hufuta kochi mtu akiwa bado amelikalia. Halafu akakaa karibu na sufuria zake, na hakumtukana mtu mwingine yeyote mpaka wakati wa kulala. Bibi! Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa Fundi Friji. Karakana yake ni makaburi ya friji, zote midomo wazi. Nilisimama mlangoni nikijaribu kuanza sentensi. Akasubiri. Alikuwa anamenya ndizi, akaila yote, akatupa ganda, bado nipo. Mwishoni nikampa mchoro wangu. Akaugeuza huku na huku, akauliza kama ni kombora au ni mtu mnene. Nikasema ni sufuria. Neno langu la kwanza la siku.

Amenipa ngoma ya ndani ya mashine ya kufulia, chuma cha pua, ina matundu kote. Kimea kitakaa humo kama majani ya chai kwenye kichujio, na ngoma itakaa ndani ya sufuria kubwa. Amenipa na hita ya maji, pampu ndogo, na kihisi joto chenye waya mrefu. Kompyuta ndogo ya kuviendesha ninayo, ile ya klabu ya fizikia. Walinipa kwa sababu mimi ndiye niliyetengeneza kila kitu, na mwenzangu mmoja ndiye aliyepanda jukwaani kueleza. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika plagi.

Kisha akanipa kikata umeme, akasema hiki hakina mjadala: maji na umeme ni wake wenza, lazima pawe na ukuta katikati. Na nisiwashe kitu kabla hajaja kukagua kila waya.

Bibi alipoiona ngoma: "Kwa hiyo sasa nitapika pombe ndani ya suruali za watu."

Alhamisi, 6 Machi

Kikata umeme kinafanya kazi. Najua kwa sababu nyumba nzima ilizima, na Mama alikuwa katikati ya kupiga pasi sare yake. Kaenda kuuza tiketi za basi na upande mmoja umenyooka, mwingine kama uso wa Mjomba. Kasema atakaa ubavu dirishani.

Fundi Friji, aliyekuwa amekuja kukagua, alicheka, akatafuta, akaukuta waya uliolowa. Akaufunga upya mbele yangu. Mara mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Leo Mkwe kafanya kazi! Bibi ndiye aliyeipa mashine jina hilo. Anasema imekuja mikono mitupu, inakula umeme wetu, haisemi, na kila mtu anaambiwa aiheshimu.

Naandika hapa kipimo cha Bibi, maana hakijawahi kuandikwa popote.

Bibi hana kipimajoto. Ana mwiko na mawifi. Maji ya kulowekea kimea yakipata moto, anachomoa mwiko, anaukamata kwa kiganja pale pale ulipokuwa majini, na anaanza kuwatukana dada zake Babu, kwa mpangilio wa kuzaliwa, mwendo ule ule siku zote:

Wifi wa kwanza, mdomo mlango wa choo, haufungiki hata kwa komeo.

Wifi wa pili, mchoyo, hata chafya anaimeza asimgawie mtu.

Wifi wa tatu, akicheka maziwa yanaganda.

Wifi wa nne —

Hapo mkono unatakiwa uwe umeshindwa. Ukiachia mwiko kwa wifi wa pili, maji ni makali, yataua kimea. Ukimmaliza wifi wa nne, maji bado, ongeza moto. Ukiachia pale tu wa nne anapotajwa — tia kimea.

Watatu walishakufa. Wa nne ni Bibi Kengele, mzima wa afya, tunamwita hivyo kwa ajili ya sauti yake, na hajui lolote. Nilipokuwa mdogo Bibi hakuwahi kuchomoa mwiko maji yakiwa bado, kwa hiyo sikuwahi kulijua tusi lake. Nilidhani hana! Mwaka huu ndiyo nimelisikia, tena mara nyingi: wifi wa nne, kengele ya shule iliyofungwa, analia yeye, nani anakuja? Nililipenda kuliko yote.

Sasa akili yangu. Sikutaka Mkwe apike pombe ya kitabuni. Nilitaka apike ya Bibi. Kwa hiyo nimeweka kitufe chekundu. Maji yanapanda, Bibi anatukana, akiachia mwiko mimi nabonyeza, na mashine inalikariri joto hilo. Leo aliwamaliza wote, akasema bado. Akawarudia wote, bado. Akawarudia tena. Mwishowe akaachia kwa jina la wa nne, nami nikabonyeza. Sabini na tisa!

Nimekifundisha chuma matusi ya bibi yangu. Sijawahi kufurahi hivi. Nilicheka peke yangu kibandani mpaka Bibi akasema Redio imeshika stesheni.

Jumanne, 11 Machi

Imekufa. Hamira imelala juu kama vumbi. Hakuna povu, hakuna harufu, hakuna hata dharau. Nimetia kijiko kikasimama. Uji. Uji wa mgonjwa.

Bibi alionja, akasema Mkwe amerithi mkono wake. Mdomo ulicheka, macho yalibaki kwenye sufuria.

Kosa ni langu. Kihisi kitakuwa kibovu.

Jumatano, 12 Machi

Kihisi si kibovu. Kwenye barafu kinasema sifuri. Kwenye maji yanayochemka kinasema mia kasoro kidogo. Nikampelekea Fundi Friji, akapima na chake, sawasawa. Akasema mashine haina ndugu wala mjomba, haimpendelei mtu, ikikuambia sabini na tisa basi ni sabini na tisa.

Nikarudi nyumbani. Kuna gunia la kimea ambalo Bibi amelitandika mlangoni la kufutia miguu. Nikaligeuza. Chini ya tope, herufi kubwa: joto la kulowekea lisizidi sabini. Na sisi tunalikanyaga kila siku!

Basi nikafanya jambo nililopaswa kulifanya tangu mwanzo. Bibi alikuwa dukani. Nikapasha maji mpaka sabini na tisa, nikachomoa mwiko, nikaukamata, nikaanza mawifi kwa kunong'ona. Sikufika hata kwenye komeo. Mwiko uliruka huku, mimi nikaruka kule.

Nikaacha yapoe. Sabini na nne: wifi wa pili, chafya bado haijamezwa. Sabini: nikayakaribia maziwa. Sitini na sita: choo, chafya, maziwa, wifi wa — na mkono ukaachia wenyewe.

Nikarudia. Pale pale.

Kwa hiyo kipimo ni sahihi. Mawifi ni sahihi. Maneno ya Bibi na gunia vinakubaliana kabisa, wala havijawahi kukutana.

Nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nikipuliza kiganja. Ndipo nikakumbuka kwamba tusi la wifi wa nne nimelisikia mwaka huu tu.

Alhamisi, 13 Machi

Nakumbuka sasa. Sufuria za moto anazobeba bila kitambaa. Tulisema ana mikono ya chuma, tukamsifu! Na ile siku aliyorudi kutoka dukani na ndala moja, akadai kaibiwa njiani. Nani anaiba ndala moja kwenye mguu wa mtu anayetembea? Tulicheka wiki nzima.

Leo nimefungua mdomo nimwambie. Nikaomba chumvi. Nikafungua tena. Nikaomba chumvi, na ya kwanza bado nimeishika.

Jumapili, 16 Machi

Nimesema. Kwa barafu, lakini nimesema.

Mama alikuwa kazini. Bibi alikuwa uani anachambua kimea. Nikamwomba afumbe macho, nikamwekea kipande cha barafu kiganjani, nikamuuliza nimeweka nini. Alidhani ni mchezo. Akakipima uzito, akakizungusha.

"Kizibo cha chupa," akasema.

Maji yakaanza kumdondokea kwenye gauni, na gauni likamfikia pajani, na paja likamwambia. Akafumbua macho. Tukakaa tukikitazama kile kipande kikiisha.

Hakukasirika. Aliniambia kwamba mwaka mzima anashika mwiko kama mtu aliyeshika mkono wa aliyelala. Alidhani ni moto ndio umepungua nguvu. Siku hizi kila kitu ni feki, alisema, sabuni feki, betri feki, akadhani na moto.

Halafu akaniomba nisimwambie Mjomba. "Akijua mikono imekufa, na mimi nitahesabiwa pamoja nayo." Nikasema Mjomba hapana, lakini Mama lazima, kwa sababu ya zahanati. Ilikuwa sentensi ndefu kwangu, ikanitoa jasho. Bibi akaguna. Mke mwenzangu, akasema, betri zimeingia leo na tayari unanisemea.

Lakini alipomaliza kuchambua alinishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akaukagua kama anayenunua.

"Mkono unao wewe," akasema. "Mdomo ninao mimi."

Jumatatu, 17 Machi

Tumepika! Mimi nimeshika mwiko, Bibi kwenye kigoda anatukana, na mimi naungua kwa niaba yake. Nikiachia mapema ananiuliza kama kiganja changu ni cha mkate.

Tatizo moja. Bibi akijua si yeye anayeungua, anatukana bila haraka. Anaremba! Wifi wa kwanza leo alipata choo, komeo, bawaba, na fundi aliyeitwa kuutengeneza mlango akakimbia usiku — na mimi nimeshika mwiko wa moto nikisubiri fundi afike mbali. Nikamsihi kwa heshima zote asirembe. Akasema wanaoungua siku hizi hawana subira. Akarudi kwenye mwendo wake.

Nikaachia kwa jina la wa nne. Kitufe. Sitini na sita kamili.

Jumatano, 19 Machi

Zahanati. Mama aliomba ruhusa. Muuguzi alimgusagusa Bibi nyayo kwa kiuzi kigumu, akimuuliza unasikia? Bibi kila mara akajibu anasikia, hata pale muuguzi alipokuwa hajagusa. Ni sukari. Vidonge, chakula cha kupimwa, viatu vya kufunga, na kuonja pombe sasa basi. Ganzi iliyokwisha kuingia huenda isitoke, lakini inaweza kuzuiwa isipande.

"Nimepika utamu maisha yangu yote," alisema tukirudi. "Sasa umehamia kwangu."

Mama akampigia Mjomba simu kumweleza. Hakuwa na nia mbaya, ni kaka yake. Nilisikia upande wa Mama tu: ndiyo kaka, hapana kaka, lakini kaka. Mjomba hasubiri tena mwisho wa mwezi. Anakuja Jumapili na gari, na Bibi Kengele wa kusaidia kufunga vitu. Bibi Kengele ni shangazi yao, hakuna wa kumkatalia.

Nilikwenda kibandani nilie kwa nafasi. Nikakuta povu! Limeinua kifuniko, limekaa juu kama kofia ya mpishi, linanukia mkate. Nikasahau kulia. Bibi alikuja akainama, akanusa. Pua bado inafanya kazi, alisema, na Mkwe kumbe si mzigo.

Ijumaa, 21 Machi

Nilidhani nimepata dawa. Kama tatizo ni mkono, basi mkono usihitajike! Nikaandika programu upya. Maji yafike sitini na sita, yakae hapo, pampu izunguke, kisha yachemke, kisha izime. Bila kitufe. Bila mwiko. Mjomba akija aone kwamba hakuna kuungua tena, hakuna kuharibika tena, hakuna sababu ya gari.

Nikamwita Bibi nimwonyeshe kwa maji matupu. Ilikwenda kama saa. Taa ya kijani, pampu ikanguruma, taa ikabadilika. Mimi nimesimama kama bwana harusi. Bibi alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, viganja vimetazama juu. Alitazama mpaka mwisho. Akauliza hatua ya mwiko iko wapi. Nikasema haipo tena.

"Vizuri," akasema.

Akainuka, akachukua kitambaa, akaanza kufuta vumbi kwenye sufuria zake za zamani, moja moja, na masikio yake, na matako yake, kama mtu anayefuta vitu vya kuondoka navyo.

Mjinga mimi! Mjomba analeta gari, na mimi nimempakilia.

Nimefuta programu yote ya leo. Sasa mashine ikifika sitini na sita inasimama. Inalinda joto, inalia piii, piii, na haiendi popote mpaka kitufe kibonyezwe. Ingeweza kwenda. Mimi ndiye niliyeikataza. Ni uongo? Nimefikiria jioni nzima. Hata mlango ukiwa wazi mtu hupiga hodi, na sijasikia anayeiita hodi uongo.

Nikamwambia Bibi kwamba Mkwe haendi bila mawifi. Akanitazama mpaka nikatazama sakafu. Najua anajua.

"Ana adabu," akasema.

Jumapili, 23 Machi

Naandika nikiwa stoo, mlango nimeurudisha. Nimeaga nakwenda kuchukua kitambaa. Kitambaa ninacho begani tangu asubuhi. Haraka haraka.

Wamekuja mapema. Mjomba, gari la mizigo la kukodi, na Bibi Kengele na maboksi matupu, moja ndani ya jingine. Sauti yake ilifika kabla ya gari. Akamkumbatia Bibi, akasema wifi yangu umekwisha, umebaki macho, na Bibi akamjibu kwamba mwenzake hajapungua popote. Mama akatoa viti uani.

Bibi akasema kabla boksi halijafunguliwa, waonje kwanza. Nikamimina. Mjomba akanywa. Hakutafuna! Akanywa tena, akafuta povu mdomoni, akachungulia ndani ya kikombe kama kuna mtu anayemfahamu. Bibi Kengele akamaliza chake, akanyoosha mkono kwa kingine bila kuacha kuongea. Mama akanifinya ubavu. Nikajua tumeshinda.

Halafu Mjomba akauliza nani kapika. Na Mama, mama yangu mzazi, kwa fahari zote, akasema ni mashine ya mwanangu. Inapika yenyewe.

Mjomba akatikisa kichwa taratibu. Hakusema kwa ubaya, hilo ndilo baya.

"Kama inapika yenyewe, Mama anabaki hapa kufanya nini?"

Bibi Kengele akaanza kuyachomoa maboksi.

Bibi akasema: Redio, washa. Nikawasha. Tukakaa maji yakipanda. Bibi Kengele akihadithia nyumba yake, jinsi anavyopika kidogo na bado kinabaki, jinsi redio inavyoshinda imewashwa ili asikie mtu. Sikuwa nimejua hayo. Sikutaka kuyajua leo.

Sitini na sita. Mkwe akasimama. Piii. Piii.

Mjomba akauliza kama imeharibika. Bibi akasema haijaharibika, inasubiri. Akainuka, akachomoa mwiko majini, akaukamata pale penye moto, kisha akaugeuza, akaninyooshea mimi ule upande wa moto. Mjomba akawa anautazama mkono wa mama yake, jinsi ulivyoushika mwiko bila kushtuka. Bibi akamwona anavyotazama.

"Ndiyo, umekufa, mwanangu. Mkono wangu sasa ni huu hapa," akasema, akanielekezea kidevu.

Kisha akaniinamia sikioni. Leo yeye hawezi, alininong'oneza. Hawezi kumtukana mgeni aliyekaa kwenye kiti chake, ameshika kikombe chake. Ana adabu zake, si nyingi, lakini anazo. "Wewe ni mjukuu. Mjukuu ana utani na bibi zake wote. Sema wewe, na useme kwa sauti, mjomba wako aione kazi yenyewe."

Ndipo nikasema naleta kitambaa.

Sasa niko humu. Dirisha la stoo liko juu ya vichwa vyao, nasikia kila kitu. Mjomba anauliza italia mpaka lini. Bibi anasema mpaka aitwaye aitike. Nikitoka nikabonyeza kitufe bila neno, Mkwe ataendelea vizuri tu, na Mjomba ataona kwamba kidole chochote kinatosha, na maboksi yatajaa. Nikiyasema, Bibi Kengele atalisikia lake. Baada ya miaka yote. Mbele ya watu. Kutoka kwangu! Mimi ambaye kwenye klabu ya fizikia nilishika plagi.

Mwiko nao unapoa. Bibi atakuwa ameurudisha majini. Ananijua.

Nimejaribu kwanza, humu humu, kwa sauti ya chini, nipate mwendo. Choo na komeo. Chafya. Maziwa. Wifi wa nne nikammaliza mpaka mwisho, kengele, shule, nani anakuja. Sikuwa nimeshika mwiko, nani angenisimamisha?

Viti vimeacha kulia huko nje. Maboksi yameacha. Mjomba kanyamaza katikati ya neno.

Nadhani haikuwa sauti ya chini.

Mkwe peke yake anaendelea, piii, piii. Na sasa Bibi Kengele, ambaye sauti ya chini hajawahi kukutana nayo:

"Huyo wa nne ni nani?"

Natoka. Kitambaa nakiacha.